Ingalill Tornvall, Aliyewasubiri Kamba wa Mtoni

Leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Ingalill Tornvall anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda cha Kvarnfors Metall kwa miaka arobaini na miwili. Aliingia lango letu akiwa na miaka ishirini na minne, na nywele ndefu zilizowatia hofu wasimamizi wa mashine. Anatoka akiwa Meneja wa Mazingira ambaye hata madereva wa malori huzima injini wakimwona kwa mbali, wawe na haraka wasiwe nayo.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa tumekaa chumba kimoja tangu mwaka 1996, mimi nikishughulika na mtambo wa kusafisha maji machafu, yeye akishughulika na dunia nzima. Tunatumia dirisha moja na birika moja la kahawa, na tuna ugomvi mmoja wa siku nyingi kuhusu nani hasa aliliua ua la dirishani. Nakijua kikohozi chake. Namjua akinyamaza kwa hasira na namjua akinyamaza kwa mawazo. Basi nitasema ninayoyajua, na atakayeona nimetia chumvi aje aandike wake.

Kwanza, Ingalill huota ndoto. Sisi wengine pia huota, lakini tuna adabu ya kusahau kabla ya kufika kazini. Yeye huzileta. Kila Jumatatu, wakati wa mapumziko ya kahawa, akiwa na andazi la mdalasini mkononi, hutusimulia aliyoyaona usingizini: kwamba mto umepita katikati ya ofisi ya uhasibu na hakuna aliyelowa; kwamba bolti zetu zimeota majani; kwamba kamba wa mtoni wamejipanga foleni mbele ya mashine ya kugonga kadi, kila mmoja na kofia ya usalama kichwani, wakingoja zamu yao. Mkurugenzi wetu, Staffan Mellbin, alimuuliza siku moja kama kamba hao walikuwa wamevaa na miwani ya kinga. Ingalill alifikiri kwa makini kabisa, kisha akajibu, "Sikuangalia, Staffan. Leo nikilala nitawakagua."

Tulicheka mpaka kahawa ikatupalia. Yeye alitabasamu tu, kwa sababu kwake kamba hao hawakuwa mzaha.

Watu wa bonde hili wanakijua kisa chenyewe, ila nitakirudia kwa ajili ya vijana wa zamu mpya. Nyuma ya kiwanda, karibu kabisa na jukwaa la kupakilia mizigo, unapita mto wetu mdogo, Kvarnån. Zamani za wazee waliotutangulia, kila Agosti wafanyakazi walitega madema hapo, wakapata kamba wa mtoni, wenye magando kama kaa, ndoo kwa ndoo, wakawachemsha kwa chumvi na maua ya shibiti, wakawala pale pale ukingoni wakiwa wamevaa kofia za karatasi na kuimba mpaka sauti ziwakauke. Kisha kiwanda kikakua. Tukaanza kupaka bolti na bawaba za magari zinki na kromu ili zisishike kutu, na maji ya kusuuzia yakapewa njia fupi kuliko zote, yaani mtoni. Kamba wakafa wote. Sherehe ya Agosti ikabaki, na kofia na nyimbo zikabaki, lakini kamba wenyewe wakawa wa kununua, waliogandishwa, kutoka nchi ambazo hatujawahi kuzikanyaga.

Ingalill aliajiriwa mwaka 1983 katika ukumbi wa kupaka madini. Kazi yake ilikuwa kutundika bolti kwenye fremu kabla hazijashushwa katika matangi ya dawa. Husema aliupenda ukumbi huo tangu siku ya kwanza, na asiyeuona enzi hizo hawezi kuelewa. Mvuke ulining'inia hadi darini, mwanga wa madirisha ya juu ukipenya ndani yake, na fremu zilitoka kwenye tangi la mwisho zikichuruzika, kila bolti ikiwa na rangi ya dhahabu. Alisimama akiitazama rangi hiyo mpaka msimamizi akamgusa bega. Saa ya mapumziko akatoka nje na kahawa yake, akasimama kwenye daraja la mbao, akatazama chini, akaiona rangi ile ile ikipita majini na kwenda zake. Aliniambia kwamba hakuona hasira siku hiyo. Aliona huzuni tu, na hakujua aipeleke wapi.

Agosti ya mwaka ule ule alikaa mezani na wenzake, akaisogeza mbali sahani ya kamba, akala pai ya jibini peke yake. Alipoulizwa ana nini, akasema, "Mimi nawasubiri wa kwetu." Tangu hapo likawa neno la kiwanda. Mtu akichelewesha kazi, ataambiwa anawasubiri wa kwao. Roine Hultgren, dereva wetu wa foklifti na mwimbishaji wa sherehe za Agosti kwa miaka yote niliyomfahamu, alikuwa akimletea kila mwaka kamba mmoja mkubwa kwenye kijiko, huku amepiga goti.

"Bibi mkubwa, huyu ameukana uraia wake. Ni wa kwenu sasa. Kula!"

"Mrudishe kwao, Roine. Subira yangu ni ndefu kuliko nyimbo zako."

Kuhusu alivyopata cheo chake, ukweli ni huu. Miaka ya tisini viwanda vya magari vilianza kudai kwamba kila anayeviuzia vipuri awe na cheti cha utunzaji wa mazingira. Ukaitishwa mkutano wa kumchagua mtu wa kulishughulikia jambo hilo. Hakuna aliyeitaka kazi yenyewe. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Ingalill hakuwepo kwa sababu alikuwa darajani akiwaza, basi akachaguliwa kwa kauli moja. Aliporudi na kikombe kitupu alikuta ameshakuwa mkuu wa idara yenye mtu mmoja. Aliuliza swali moja tu, kama idara hiyo inahusika na mto. Staffan, ambaye alikuwa kijana bado na amerithi kiwanda juzi juzi, akasema nadhani ndiyo. "Nadhani" hiyo imemkosesha Staffan usingizi mara nyingi.

Alisoma masomo ya jioni mjini Jönköping, akirudi kwa basi la mwisho na vitabu mapajani. Akaupigania mtambo wa kusafisha maji mpaka ukajengwa, nami nikapata kazi kwa sababu hiyo, mgeni kutoka Bosnia niliyekuwa bado nachanganya maneno ya Kiswidi. Leo maji yetu ya kusuuzia huzunguka ndani kwa ndani, na bomba lililokuwa likielekea mtoni limezibwa kwa saruji. Ingalill aliikanyaga saruji hiyo ikiwa mbichi, makusudi, akaacha alama ya kiatu.

Mtihani mkubwa ulikuwa ile rangi ya dhahabu. Ilitokana na aina ya kromu ambayo ni sumu kali, naye alitaka iondoke hata kabla sheria haijaikataza. Aina mpya haikuwa na sumu ile, lakini bolti zilitoka zimepauka, zina ubuluu kidogo kama maziwa yaliyotiwa maji. Mnunuzi wa kiwanda kimoja cha magari alizishika kwa ncha za vidole akasema zinaonekana kama zinaumwa. Ingalill hakubishana naye. Alizitia bolti za dhahabu na hizi za kupauka pamoja katika kabati letu la ukungu wa chumvi, ambamo vyuma hunyunyiziwa maji ya chumvi bila kukoma ili ionekane kipi kitashika kutu kwanza. Akaweka kiti mbele ya kioo. Kila nilipopita nilimkuta hapo, kidevu mkononi, akiutazama ukungu ukizunguka, wala hukuweza kujua kama anakagua au anasinzia. Zile za dhahabu ndizo zilizoshika kutu kwanza, na mnunuzi akakubali. Siku tangi la dhahabu lilipokaushwa, Ingalill alilia. Tulipomshangaa alisema kwamba kizuri ni kizuri hata kikiwa kibaya, na tumuache.

Baada ya hapo tope la sumu likachotwa mtoni, ofisi ya mkoa ikapima maji tena na tena, na mwaka 2012 kikaja kibali: kamba wa asili wanaweza kurudishwa Kvarnån. Waliletwa asubuhi ya ukungu, ndani ya masanduku yaliyotandikwa majani mabichi. Ingalill aliingia mtoni na buti za mpira, akawalaza mmoja mmoja chini ya mawe kama mtu anayelaza watoto. Sisi tulisimama darajani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba wakati mwingine tuliona mikono yake tu, ikienda na kurudi juu ya maji.

Miaka ikapita bila habari. Mwaka 2019 aliingia chumbani kwetu akiwa amelowa mpaka kiunoni, akafungua kiganja chake, na ndani yake mlikuwa na kamba mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Huyo hakuletwa na mtu. Alizaliwa hapa hapa. "Mirsada," akaniambia, "amenibana kidole." Sijawahi kumwona mtu akibanwa kidole kwa furaha kama ile. Kisha akatoka mbio kwenda kumrudisha kabla hajakauka.

Nafika sasa kwenye kiangazi kilichopita, ambacho wengine walinishauri nikiruke kwa kuwa leo ni siku ya shangwe. Nilimuuliza Ingalill mwenyewe. Alisema nikikiruka, nitakuwa nimeandika wasifu wa mtu mwingine.

Mwezi wa Juni ofisi ya mkoa ilituarifu kwamba kamba wetu wamezaana vya kutosha, na kwamba Agosti ya mwaka ujao tungeruhusiwa kuwavua wachache kwa mara ya kwanza. Agosti ya mwaka ujao, na Ingalill anaondoka Oktoba hii! Yeye alifurahi bila kinyongo, akasema atakuja kula kama mgeni. Aliyeshindwa kuvumilia ni Roine. Kwake ilikuwa dhuluma kwamba mwanamke aliyewasubiri kamba karibu maisha yake yote ya kazi aondoke pasipo kuwaonja akiwa mmoja wetu. Roine ana moyo mkubwa na haraka kubwa zaidi. Tumemwambia mara nyingi kwamba haraka haraka haina baraka, naye hujibu kwamba foklifti haijui methali.

Roine ana kibanda cha mapumziko kando ya ziwa, upande wa pili wa kilima. Ziwani humo wamo kamba wa Marekani, walioletwa enzi za wazee wetu baada ya tauni ya kamba kuwamaliza wale wa asili waliokuwamo. Hawa wa Marekani huibeba tauni hiyo miilini mwao wala isiwadhuru. Wa kwetu ikiwagusa hawaponi. Kila mtu hapa analijua hilo, na hakuna mtu wa bonde hili ambaye angemwachia kamba wa Marekani huru mtoni. Roine pia asingefanya hivyo hata ukimlipa. Lakini ipo desturi nyingine, ya zamani zaidi, ambayo mkono huifanya bila kukiuliza kichwa. Ukivua kamba siku chache kabla ya sherehe, huwatia katika sanduku la mbao lenye matundu, ukalifunga ugwe, ukalizamisha katika maji baridi yaliyo karibu nawe ili wasife. Babu yake Roine alifanya hivyo, na baba yake pia. Roine aliwavua wake ziwani siku ya Jumanne. Maji baridi yaliyo karibu naye akiwa kazini ni yale ya nyuma ya jukwaa la kupakilia.

Ijumaa ya sherehe ilikuwa jioni njema kuliko nyingi ninazozikumbuka. Jua lilikuwa bado juu ya misonobari. Taa za karatasi zenye sura ya mwezi zilining'inia juu ya meza ndefu, na harufu ya shibiti ilitanda mpaka barabarani. Ingalill alikaa katikati, kofia ya karatasi imemwangukia sikio moja, macho yakiwa mbali. Roine akainuka, akaomba utulivu, akaimba ubeti aliomtungia mwenyewe, kisha akashuka ukingoni na kuuvuta ugwe. Sanduku likatoka majini likichuruzika, limejaa kamba wakubwa weusi.

"Ingalill! Wa kwenu wamefika! Nimewatoa mtoni kwa mikono yangu, watu wote mashahidi!"

Watu wakapiga makofi na kugonga meza. Ingalill akainuka, akaenda ukingoni taratibu huku anatabasamu, kama mtu ambaye bado hajaamka. Akamshika kamba mmoja, akamgeuza, akaliona lile doa jeupe kwenye kiungo cha gando, alama ya wale wa Marekani. Tabasamu lilichelewa kumtoka usoni.

"Roine," akasema. "Wamekaa majini tangu lini?"

"Tangu Jumanne jioni. Usiwe na wasiwasi, wazima wote!"

"Umewatoa wapi?"

"Ziwani kwangu. Ah, ni utani tu, Ingalill, nilitaka ucheke! Sikuwaachia huru. Wamo sandukuni, hata mmoja hajatoka."

"Maji yametoka, Roine," akasema Ingalill. "Maji hayakai sandukuni."

Nilimwona Roine akielewa. Alikaa chini kwenye nyasi pale pale aliposimama, kofia ya karatasi bado kichwani, na makofi yakafa meza moja baada ya nyingine.

Ingalill hakupaza sauti. Alivua kofia yake, akaikunja, akatugawia kazi. Kamba waingie moja kwa moja katika sufuria linalochemka. Sanduku na ugwe vichomwe moto. Kila aliyegusa maji aoshe buti na mikono. Spiriti ya ghala haikutosha, akaamuru chupa zote za pombe kali za sherehe zimiminwe kwenye ndoo. Staffan alimuuliza kwa kunong'ona kama pombe hiyo ina nguvu ya kuiua tauni. "Haitoshi," akajibu, "lakini angalau hakuna atakayeimba." Na kweli hatukuimba. Tulikaa mstari mmoja ukingoni, tumevaa vizuri, tunasugua buti, huku taa za mwezi zikitucheka juu ya vichwa vyetu.

Ingalill aliripoti mkoani jioni ile ile. Roine alijipeleka polisi mwenyewe kabla hajaitwa, akaipokea adhabu ya sheria bila kubisha. Adhabu ya kantini ndiyo iliyokuwa kali. Watu walimwita Tauni. "Vipi, Tauni, umenawa?" "Sogeza hiyo foklifti, Tauni, unatuambukiza!" Mtu aliyekuwa hanyamazi akawa anakula mkate wake peke yake kwenye kiti cha foklifti. Siku moja Ingalill aliingia kantini, akasimama bila kuketi.

"Jamani. Nimewafundisha mafuta, kromu, na rangi za mapipa ya taka mpaka mkanichoka. Kuna aliyewahi kunisikia nikisema neno kuhusu sanduku lililolowa maji ya ziwa jingine?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Basi jina hilo nigawieni na mimi nusu."

Halikuitwa tena, angalau si mbele yangu.

Ofisi ya mkoa iliruhusu vizimba viwekwe mtoni, kila kimoja na kamba wachache wa asili. Wangeishi mpaka mwisho wa Septemba, ingekuwa dalili kwamba mto umeponea. Wangekufa, basi ndivyo hivyo tena. Kila asubuhi kabla ya zamu, Ingalill na Roine walishuka pamoja. Niliwatazama kupitia dirisha letu, vivuli viwili ndani ya ukungu, bila sauti, wakiinua kizimba, wakiinama, wakikirudisha. Kwa jinsi mabega ya Roine yalivyolegea kwa afueni, nilijua kamba wako hai. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Ya tatu ilipokwisha Staffan alianza kupiga mluzi koridoni. Hata mimi, ambaye usingizini huziona pampu tu, niliota mto umejaa, na nikaamka nikiwa nimefurahi bila kujua sababu.

Halafu ikaja asubuhi moja isiyo na ukungu kabisa. Ingalill alinigongea kioo kwa nje, akaniita kwa mkono. Chini ya daraja, kwenye maji ya kina kifupi yaliyopigwa na jua, kamba alikuwa anatembea. Kamba wa mtoni hujificha mchana. Hutoki nje ukamwona hivi hivi. Huyu alitembea juu ya ncha za miguu, amejikaza, polepole sana, akivuka mchanga bila kugusa chochote, kama mtu anayetembea usingizini. Nyuma yake akaja mwingine, kisha wa tatu. Roine aliuliza kwa sauti ndogo kama labda wamepona ndiyo maana wametoka. Ingalill akamwambia hapana, ndivyo wanavyofanya tauni ikiwafika. Maji yalikuwa maangavu, maji aliyoyasafisha yeye mwenyewe kwa nusu ya maisha yake, na kwa uangavu huo tuliona kila kitu. Ingalill alilia, nami nililia, na sioni haya kuliandika hapa.

Siku chache baadaye hakuna aliyekuwa hai, si vizimbani wala mtoni. Roine aliwaokota kwa wavu, ndoo baada ya ndoo, na hakumruhusu mtu amsaidie. Jumatatu iliyofuata tulikaa kwenye kahawa tukimtazama Ingalill, tukingoja atuambie ameota nini. Akasema hakuota.

Ningeweza kusema kwamba wiki zake za mwisho alizitumia kupumzika, kama tulivyomsihi. Hakupumzika. Mto usiokuwa na kamba, tauni nayo hufia humo humo kwa kukosa wa kumshika, ila lazima uachwe mtupu kwa viangazi kadhaa, ndipo wa asili waweze kurudishwa upya. Ingalill alizunguka kila zamu, kila chama cha wavuvi na kila kibanda cha ziwani ambako kuna mtu wa kufungua mlango, akieleza jinsi ya kukausha buti, wavu, ndoo na sanduku kabla ya kwenda kwenye maji mengine. Alirudi kila mara akinuka moshi na keki za watu. Kisha akapeleka mkoani ombi jipya la kuwarudisha kamba Kvarnån.

Ombi la namna hiyo lazima litaje mtu mmoja atakayeuangalia mto na kujibu kwa ajili yake kwa miaka yote hiyo. Wengi tulidhani ni Staffan. Mimi, naomba radhi, nilidhani ni mimi, na nilikuwa nimeanza kutafuta sababu za kukataa. Wiki iliyopita simu ikalia chumbani kwetu. Alikuwa afisa wa mkoa, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuongea kando ya maporomoko, nikasikia yote.

"Ingalill, jina hili ulilotuletea. Roine Hultgren. Si ndiye yule?"

"Ndiye huyo huyo."

"Yule wa sanduku?"

"Yule wa sanduku. Nitafutie mwingine katika mkoa huu mzima ambaye hatasahau kukausha buti zake."

Nikamsikia afisa akifunua karatasi. Kisha akauliza namba ya simu ya Roine ni ipi, aijaze kwenye fomu.

Roine, najua umekaa safu ya nyuma katika sherehe hii ya kuagana, karibu na mlango kama ilivyo kawaida yako siku hizi, na unalisoma hili pamoja na wengine. Jibu lilifika jana, na wamelikubali ombi pamoja na jina lako. Ingalill alinikataza nisikuambie mpaka leo, kwa sababu alisema ungelikataa ukiwa peke yako.

Ingalill, tunakushukuru kwa kazi yako, kwa ukaidi wako wa upole, na kwa kutuvumilia. Tunamshukuru pia mumeo, Torgny, ambaye amevumilia buti zako zilizolowa kwenye korido yake miaka yote hii. Pumzika sasa. Tunakutakia afya njema, maisha marefu, na asubuhi nyingi za kulala mpaka utakapo mwenyewe. Siku ya kuwarudisha kamba mtoni ikifika, Roine ndiye atakayekuita.

Mirsada Halilović,
Mtambo wa Maji,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kvarnfors Metall